Mpiga Chapuo Kwenye Hula ya Hilo

Nilipokuwa na umri wa miaka kumi na tisa nilikuwa nikipiga chapuo, ile ngoma ndogo ya sauti nyepesi, katika kikundi cha ngoma kilichowatumbuiza watalii, mara tatu kwa wiki, kwenye hoteli moja ya ufuoni kusini mwa Mombasa. Tulikuwa na wanawake sita wa kucheza chakacha, wapiga ngoma watatu na mpiga zumari mmoja, na malipo yetu yalikuwa nauli, chakula cha jikoni na pesa kidogo zilizonisaidia kulipa ada ya chuo. Mwezi wa pili meneja alituita nyuma ya jukwaa, akasema kwamba nyimbo zetu zilikuwa ndefu na wageni hawakuyaelewa maneno, kwa hiyo tupunguze kuimba, tuongeze viuno. Tulikubali bila ubishi. Baada ya wiki chache zilibaki beti mbili, kisha kiitikio peke yake, na mwishowe wanawake wale walikuwa wakicheza kwa ngoma na zumari tu, huku mmoja wao akipiga vigelegele.

Naanza na hoteli ile kwa sababu miaka ishirini na kitu baadaye, nilipokaribishwa kutazama hula, ngoma ya Wahawaii, mjini Hilo, niliingia ukumbini nikiwa na macho yale yale ya meneja.

Hilo ni mji wa mashariki mwa kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Hawaii, kisiwa ambacho chenyewe kinaitwa Hawaii na ndicho kilichovipa visiwa vingine jina. Ni mji wa mvua. Hupata zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka, na katika siku tano nilizokaa huko nguo zangu hazikukauka hata mara moja. Nilikuwa nimekwenda kwa semina ya walimu wa lugha, kwani ninafundisha Kiswahili katika chuo kikuu kimoja cha Marekani bara, na mwenyeji wangu aliniambia kwamba Jumamosi usiku kungekuwa na hōʻike, yaani maonyesho ambayo shule ya hula huyaandaa ili wazazi na majirani waone wanafunzi wamefikia wapi. Shule ya namna hiyo huitwa hālau. Zamani neno hilo lilikuwa pia jina la banda refu la kuhifadhia mitumbwi, na nilipolisikia nilimkumbuka babu yangu, ambaye alikuwa fundi wa mashua na alijua nyimbo nyingi kuliko mtu yeyote mtaani kwetu.

Ukumbi wenyewe ulikuwa wa kawaida kabisa: viti vya kukunja, paa la bati lililopigwa na mvua bila kukoma, meza ya wali na nyama pembeni, na watoto wakikimbizana katikati ya safu. Karatasi ya ratiba ilikuwa imeandikwa kwa Kihawaii na Kiingereza. Nilijaribu kuisoma ile safu ya Kihawaii kwa sauti ya chini, nikashangaa jinsi ulimi wangu ulivyopita juu yake bila kujikwaa, kwa kuwa kila silabi yao huishia kwenye irabu kama zetu, na irabu zenyewe ni tano. Bibi aliyekaa kulia kwangu, mwenye miaka sabini na ushei, alinisikia akacheka. Akaniuliza nimejifunza wapi. Nikamwambia kwamba nasoma tu, sijui maana ya neno hata moja. Huko kila mwanamke mtu mzima huitwa Anti, awe ndugu yako asiwe, kwa hiyo sikuhitaji kufundishwa namna ya kumwita.

Sehemu ya kwanza ilikuwa ya hula kahiko, yaani hula ya kale. Mwalimu wao, ambaye huitwa kumu hula, alitoka peke yake bila kutambulishwa, akapiga magoti juu ya mkeka pembeni mwa jukwaa, akaweka mbele yake ipu heke. Hicho ni chombo cha vibuyu viwili vilivyounganishwa shingoni, kikubwa chini na kidogo juu, na hakina ngozi wala waya. Nilikitazama kwa dharau ya mtu aliyelelewa na ngoma za ngozi. Kisha akakiinua na kukidunda mkekani, kikatoa sauti nzito ya tumboni. Akakipiga ubavuni kwa vidole, kikatoa sauti kavu na nyepesi. Wenyewe huziita sauti hizo ū na tē. Kwetu kazi hiyo hufanywa na watu wawili, mmoja wa vumi na mmoja wa chapuo, na huchukua muda mrefu wawili hao wapatane. Hapa mwanamke mmoja aliifanya peke yake huku akiimba kwa pumzi ndefu isiyoyumba. Dharau ikaniisha.

Aliita, "Hoʻomākaukau!" akiwataka wajiandae, na nyuma ya pazia sauti nyingi zikajibu kwa pamoja, "ʻAe!" Wakatoka wanawake kumi na wawili, miguu mitupu, vichwani wamevaa mashada ya majani, kiunoni wamevaa sketi za kitambaa kizito zilizojaa marinda. Zile sketi za nyasi kavu nilizozizoea kwenye kadi za posta hazikuwapo. Walicheza magoti yamekunjwa, mgongo umenyooka, na hawakunyanyuka kutoka kimo kile mpaka mwisho, jambo ambalo kila aliyewahi kujaribu kucheza amejikunja hivyo kwa dakika tano analijua uchungu wake mapajani. Kila ubeti ulipokaribia, mmoja wao alipaza sauti na kutangaza maneno ya kwanza ya ubeti huo, na wote wakaingia humo bila kuachana.

Mimi nilikuwa nikitazama viuno. Sioni haya kulisema hilo sasa, ingawa wakati ule niliona haya sana, kwa sababu Anti aliinama akaninong'oneza, "Umetazama chini muda mrefu, mwanangu. Huko kuna mapigo tu. Wimbo uko mikononi."

Nikainua macho. Mkono wa kulia ulishuka kutoka juu, vidole vikitetemeka kimoja baada ya kingine, na wa kushoto ukaupokea chini, ncha za vidole zikiwa zimekusanywa pamoja kama ua lililofumba. Anti akanieleza kwamba hiyo ni mvua ikianguka juu ya ua la lehua, lile ua jekundu la mti wa ʻōhiʻa, na kwamba mvua hiyo si mvua yoyote tu: ni Kanilehua, mvua ya Hilo hii hii iliyokuwa ikilipiga bati juu ya vichwa vyetu. Mvua za mahali pengine zina majina mengine na hazichanganywi. Nilikuja kusoma baadaye kwamba majina ya mvua yaliyohifadhiwa katika nyimbo na magazeti yao ya zamani yanazidi 200, na upepo nao una yake. Sisi wa pwani tunazo kaskazi na kusi, matlai na umande, na mvua zetu za masika na za vuli, na kwa muda mrefu nilidhani kwamba huo ni utajiri wa kutosha kwa watu wanaoishi kwa bahari.

Tangu hapo nilianza kuona. Wimbi, mlima, njia, macho ya mtu anayetazama mbali, mikono iliyopishana kifuani kwa maana ya kumpenda mtu. Kila neno zito la wimbo lilikuwa na mahali pake hewani, na macho ya mchezaji yaliufuata mkono kama msomaji anayefuata mstari. Hula haichezwi bila mele, yaani maneno yanayoimbwa au kughaniwa, kwa sababu maneno ndiyo yanayouambia mkono uende wapi. Ukiyaondoa, hakibaki cha kucheza. Wazo hilo liliponifikia nilikaa vibaya kitini. Nilimwona meneja wetu amesimama nyuma ya jukwaa, mikono mfukoni, na nikajiona mimi mwenyewe nikitikisa kichwa kumkubalia.

Wimbo ulipokwisha wote walisimama wakapaza sauti, "He inoa no Kalākaua!" Wimbo huo ulikuwa wa kulisifu jina la mfalme, na desturi ni kwamba jina la mwenye wimbo hutajwa mwishoni, baada ya msikilizaji kuzungushwa milimani na baharini bila kuambiwa ni nani anayesifiwa.

Wakati wa mapumziko nilimuuliza Anti kwa nini mfalme, na akanisimulia historia ambayo inafaa niipange vizuri kuliko alivyoisimulia yeye, maana aliruka huku na huku akisalimiana na watu. Wamisionari wa Kiprotestanti kutoka Marekani walifika Hawaii mwaka 1820. Malkia Kaʻahumanu, aliyekuwa na nguvu kuliko mtu yeyote nchini wakati huo, aliingia Ukristo, na mwaka 1830 akapiga marufuku hula hadharani. Hula haikufa. Ilihamia vijijini na majumbani, mahali ambapo jicho la kanisa halikufika kila siku. Kalākaua, aliyetawala kuanzia 1874 hadi 1891, ndiye aliyeirudisha mbele ya watu: katika sherehe za kutawazwa kwake, zilizochelewa mpaka mwaka 1883, hula ilichezwa kwenye viwanja vya kasri, na tena mwaka 1886 alipotimiza miaka hamsini. Mpiga chapa aliyechapisha orodha ya nyimbo za sherehe ya 1883 alifikishwa mahakamani akituhumiwa kuchapisha maneno machafu. Anti alipofika hapo alifunika mdomo kwa mkono, akacheka mpaka mabega yakatikisika. Alisema kwamba walioshtaki walikuwa na haki ya kuogopa, ila hawakuelewa hata nusu ya yaliyokuwamo.

Kuna neno lao, kaona, ambalo maana yake ni maana iliyofichwa ndani ya maana. Wimbo unaweza kuzungumzia mvua iliyolowesha ua, na mvua ikawa mvua kweli, na papo hapo ikawa mtu na mpenzi wake, na kwa watu wachache waliokuwapo ikawa jambo fulani lililotokea usiku fulani katika nyumba fulani. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu hapa. Tuna mafumbo ya taarabu, tuna jina la kanga ambalo jirani huvaa siku anayoijua yeye, na tuna nyimbo za chakacha zinazoimbwa ndani ya ua wa arusi, wanawake kwa wanawake, ambako bi harusi hufundishwa mengi na aliyekosana na mwenzake hulipwa siku hiyo hiyo. Nililolisikia Hilo lilikuwa jambo la nyumbani kwetu limevaa nguo nyingine.

Mambo hayakuishia kwa Kalākaua. Dada yake, Liliʻuokalani, aliyemrithi, alipinduliwa Januari 1893 na kikundi cha wafanyabiashara na walowezi waliosaidiwa na askari wa majini wa Marekani, na mwaka 1895 akafungwa katika chumba kimoja cha kasri lake mwenyewe, ʻIolani, mjini Honolulu. Mwaka 1896 sheria iliamuru kwamba Kiingereza kiwe ndiyo lugha ya kufundishia mashuleni. Anti aliniambia kwamba mama yake alichapwa viboko shuleni kwa kusema Kihawaii, na kwa hiyo hakuwafundisha wanawe. Nikamsimulia kuhusu kile kibao tulichovishwa shingoni shuleni sisi tuliosema Kiswahili siku isiyokuwa yake. Tulitazamana kidogo. Kihawaii kilifanywa kuwa lugha rasmi ya jimbo mwaka 1978, na shule za chekechea zinazofundisha kwa Kihawaii peke yake zikaanza mwaka 1984. Wajukuu wa Anti walisoma humo, na yeye mwenyewe alikuwa akijifunza lugha ya mama yake kutoka kwa watoto wa miaka mitano, ambao alisema ni walimu wakali sana.

Sehemu ya pili ilikuwa ya hula ʻauana, ya kisasa, yenye vyombo vya nyuzi. Walikaa wanaume wanne: mmoja wa ukulele, mmoja wa gitaa, mmoja wa gitaa la chuma linalolazwa mapajani, na mmoja wa besi. Ukulele ulizaliwa Honolulu kutokana na kigitaa kidogo cha Wareno wa kisiwa cha Madeira, waliofika mwaka 1879 kwa meli iliyoitwa Ravenscrag kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Gitaa lilikuwa limetangulia, likiletwa na wachunga ng'ombe wa Meksiko katika miaka ya 1830. Wahawaii walililegeza nyuzi kadhaa mpaka likawa linalia kwa uwiano hata likiguswa bila kubonyezwa, kisha dole gumba likapewa kazi ya besi na vidole vingine vikapewa wimbo. Huo ndio mtindo wa kī hōʻalu. Zamani kila familia ilikuwa na namna yake ya kulegeza nyuzi, na mgeni akiingia chumbani mpigaji alizizungusha haraka kuficha siri. Mpiga gitaa wa usiku ule, mzee mwenye kofia ya ukindu, aliimba kwa sauti ya juu ya kiume inayoitwa leo kiʻekiʻe, na kila sauti ilipovuka kutoka kifuani kwenda kichwani aliiacha ivunjike wazi wazi, mvunjiko ambao mwalimu wa kwaya angeufuta lakini huko ndio unaopigiwa makofi.

Nilijifunza pia kuujua mwisho. Ubeti wa kufunga karibu kila mara huanza na neno haʻina, yaani hadithi imekwisha kusemwa, na huimbwa mara mbili. Ni kaditama kabisa. Kuanzia wimbo wa tatu nilikuwa nikimgusa Anti kwa kiwiko kila neno hilo lilipotokea, kama mtoto aliyejifunza kusoma saa.

Kisha nikakosea. Alitoka mwanamke mmoja mzee, nywele nyeupe zimefika mgongoni, akacheza peke yake wimbo wa kuagana. Hakufanya mengi. Alipiga hatua nne kwenda upande mmoja na nne kurudi, mikono yake ikienda polepole kuliko muziki, na mahali fulani alinyoosha kiganja mbele akakitazama kana kwamba kuna kitu kilichokuwa kimekaa hapo zamani. Ukumbi ulinyamaza, hata watoto. Mimi ni mtu wa pwani, na mtu wa pwani akiguswa hivyo huinuka kwenda kutunza. Nilitoa noti ya dola ishirini, nikaanza kutoka kwenye safu huku nimeiinua juu, vile tunavyofanya kwenye taarabu, na nilikuwa nimekwisha kupita magoti ya watu wawili Anti aliponishika shati kwa nyuma.

"Keti," alisema. "Ngoja amalize."

Niliketi, masikio yakiwaka moto. Alinieleza bila ukali kwamba kwao mchezaji hasogelewi katikati ya wimbo wake, na kwamba shukrani ni shada la maua, si noti. Akavua shada alilokuwa amevaa yeye mwenyewe, nyuzi tatu za maua meupe madogo, akaniwekea mapajani. Wao huyaita pīkake. Mimi harufu yake iliniingia kabla ya jina. Ilikuwa asumini, asumini ile ile ya vikuba, ile ambayo shangazi yangu alikuwa akiichuma jioni kabla haijafunguka na kuilaza kwenye sahani yenye maji. Sikuwa nimeinusa ikiwa mbichi kwa miaka sita. Nilikaa nimeishika hivyo mpaka neno la haʻina likapita mara ya pili, kisha nikaenda.

Ilibaki tatizo la namna ya kumvisha, maana desturi yao ni kumbusu shavuni anayevishwa, na mimi sikulelewa kumbusu mwanamke nisiyemjua. Nilimvisha shada, nikarudi nyuma hatua moja, nikaweka mkono kifuani. Yule mama alinitazama kidogo, naye akaweka mkono wake kifuani vile vile, akainamisha kichwa. Hakuna aliyecheka.

Baada ya yote nilimfuata kumu hula, aliyekuwa akikunja mikeka, nikamuuliza ule wimbo wa mvua ulikuwa na maana gani hasa ndani yake. Aliniambia maana ya juu, ambayo nilikuwa nimekwisha kuipata kwa Anti. Nikamuuliza ya chini. Akasema anaijua moja aliyopewa na mwalimu wake, anaihisi nyingine ambayo hakupewa, na kwamba mtunzi alikwenda na nyingine kaburini. Ile aliyopewa wanafunzi wake huambiwa watakapokuwa tayari. Alisema hivyo kwa upole, akanipa mkeka nimsaidie kuubeba.

Niliporudi chumbani ilikuwa saa nne usiku, na Mombasa ilikuwa saa tano asubuhi ya Jumapili. Nikampigia shangazi yangu, ambaye alikuwa somo, yaani mfundaji, wa wasichana wengi wa mtaani na amesimamia arusi nisizoweza kuzihesabu. Nilimsomea kiitikio cha ule wimbo tulioukatakata hotelini, nikamwomba anipe beti zilizobaki niziandike. Alinyamaza kidogo, akaniuliza nazitakia nini usiku huo. Nikamweleza kuhusu mvua, mikono na meneja. Alinipa ubeti wa kwanza, akanipa wa pili, akinisahihisha neno moja ambalo tulikuwa tukilitamka vibaya miaka yote ile. Nikamwomba wa tatu.

"Huo hapana," alisema. "Wewe ulikuwa mpiga chapuo, na mpiga chapuo huketi nje ya ua. Huo nitampa binti yako siku yake ikifika."